Kompresa ya stereo ya mwisho wa miksi: mambo ya kujua kabla studio ya Goma haijatoa dola

Katika studio nyingi za Goma, kazi ya kumiksi inafanyika ndani ya kompyuta tangu mwanzo mpaka mwisho. Ngoma, gitaa, kinanda na sauti za waimbaji zinapangwa ndani ya programu, kisha wimbo unatoka kama faili na kutumwa kwa WhatsApp, kwa YouTube na kwa redio. Lakini kuko mashine moja ya kushika kwa mikono ambayo mafundi wa sauti hawaachi kuiota: kompresa ya stereo, ile inayowekwa mwisho wa njia, pale sauti zote zinakutana.

Mashine hiyo si bei ya mchezo. Za chini zinaanza karibu na dola 200, za juu zinapita dola 4,000. Kwa studio inayoishi na pesa ya wimbo mmoja mmoja, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi mingi. Ikinunuliwa vibaya, inakaa mezani na taa zake zinawaka, na nyimbo zinatoka vilevile kama zamani, ao mbaya kupita zamani.

Makala hii inaeleza kazi ya kompresa hiyo, aina zake, na namna ya kuichagua. Kitu kimoja kinapashwa kueleweka tangu mwanzo: hapa Goma, jina la mashine linakuja mwisho. Mbele yake kuko umeme, waya na fundi wa kuitengeneza.

Kompresa ya basi inafanya nini?

Mafundi wanaita ile njia ya mwisho "basi". Ni kama gari kubwa linalobeba abiria wote pamoja: kila sauti inapanda, na zote zinafika pahali pamoja kwa njia mbili, kushoto na kulia. Kompresa ya basi inasimama kwenye mlango wa kutokea wa gari hilo.

Kazi yake ni kusikiliza nguvu ya wimbo mzima. Nguvu ikipita kiasi fulani, inaishusha kidogo, kisha inaiachilia. Ngoma kubwa ikipiga, wimbo wote unashuka kidogo sana na kupanda tena. Mwendo huo mdogo, ukifuata mapigo ya wimbo, unafanya vyombo vionekane vinapumua pamoja. Ndiyo sababu mafundi wanasema kompresa hiyo ni gundi.

Gundi haihitaji kuwa nyingi. Kwa kazi ya kawaida, sindano ya mashine inaonyesha desibeli 1 mpaka 3 za kushuka, na mara moja moja 4. Mtu akiona sindano inakaa kwenye 8 ao 10 wimbo mzima, hiyo si gundi tena. Ngoma inapoteza pigo lake, mwimbaji anarudi nyuma, na kila kitu kinakuwa bapa kama chapati.

Kompresa ya basi haitengenezi miksi mbaya. Kama besi imefunika sauti ya mwimbaji, mashine itafuata besi na kumshusha mwimbaji zaidi. Miksi inapashwa kusimama yenyewe kwanza.

Vitufe vya kujua

Karibu mashine zote ziko na vitufe vilevile, hata kama sura inabadilika.

Kizingiti, kilichoandikwa THRESHOLD, ni ile nguvu ambayo ikipitwa mashine inaanza kazi.

Uwiano, ulioandikwa RATIO, unasema inabana kiasi gani. Kwenye 2:1, sauti ikipita kizingiti kwa desibeli 4, inatoka na 2. Kwenye 4:1, inatoka na 1 tu. Kwa wimbo mzima, 1.5:1 na 2:1 ni za upole. 4:1 inasikika wazi. 10:1 ni ya kutumia kwa ajili maalum.

Mwanzo, ulioandikwa ATTACK, ni muda ambao mashine inachukua kabla ya kubana. Unapimwa kwa milisekunde. Ukiwekwa mfupi sana, pigo la kwanza la ngoma linakatwa. Ukiwekwa kwenye milisekunde 10 ao 30, pigo linapita zima, kisha mashine inashika kile kinachofuata. Kwa sebene, ambako gitaa mbili ao tatu zinajibishana na kila mdonoo una kichwa chake, mwanzo mrefu unaacha vichwa hivyo vikae.

Kuachilia, kulikoandikwa RELEASE, ni muda wa kurudi. Hapa hesabu ndogo inasaidia: gawanya 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika uko na milisekunde 600 kati ya pigo na pigo. Wimbo wa 120 uko na 500. Sindano inapashwa kuwa imerudi, ao imekaribia kurudi, kabla pigo lingine halijafika. Isiporudi, mashine inabaki imekanyaga wimbo muda wote. Mashine nyingi ziko pia na AUTO, ambayo inabadilisha muda huo yenyewe. Kwa kwaya na rumba ya polepole, AUTO ni mwanzo mzuri.

Kurudisha nguvu, kulikoandikwa MAKE-UP ao GAIN, ni kuongeza kile kilichoshushwa. Kitufe hiki ndicho kinadanganya watu wengi, kama tutakavyoona chini.

Kichujio cha ndani ni kitufe ambacho mashine zingine ziko nacho, zingine hapana. Kinaifanya kompresa isisikilize besi nzito wakati inaamua kubana. Besi yenyewe inabaki ndani ya wimbo, ila haiendeshi tena mashine. Kwa muziki wa leo wenye ngoma nzito ya chini, kitufe hiki kina thamani kubwa. Pasipo hicho, kila pigo la besi linamvuta mwimbaji chini.

Kufunga pande mbili

Neno "stereo" kwenye kompresa ya basi linamaanisha pande mbili zinaenda pamoja. Gitaa ya kushoto ikipanda, mashine inashusha kushoto na kulia kwa kiasi kimoja. Kama pande hazijafungwa pamoja, kushoto kunashuka peke yake, na mwimbaji aliyekuwa katikati anasogea kulia. Anarudi, anasogea tena. Msikilizaji hajui ni nini, lakini kichwa chake kinachoka.

Kwa hiyo mashine mbili za mono zisizo na waya wa kuunganisha si kompresa ya basi, hata zikiwa za bei kubwa. Na mashine ya njia mbili inapashwa kuwa na kitufe cha kufunga, ambacho mara nyingi kinaandikwa LINK ao COUPLE.

Ilitoka wapi?

Kompresa zilizaliwa kwenye redio. Mhandisi alihitaji kitu cha kuzuia sauti isipite nguvu ambayo mtambo wa kurusha matangazo unaweza kubeba. Katika miaka ya 1950 Rein Narma alichora mashine iliyokuja kujulikana kama Fairchild 670, ya stereo, yenye taa za elektroniki 20 na uzito wa karibu kilo 30.

Mwaka 1971 David Blackmer alianzisha kampuni ya dbx huko Marekani. Yeye ndiye aliyefanya kipande kinachoitwa VCA kiwe kazi ya kila siku: kipande kidogo kinachopandisha na kushusha sauti kwa kuamriwa na umeme.

Huko Uingereza, Colin Sanders alikuwa ameanzisha Solid State Logic, ao SSL, mwaka 1969. Kazi yao ya kwanza ilikuwa vifaa vya kuendesha vinanda vya kanisa, vile vya mabomba. Baadaye wakatengeneza meza kubwa za studio za SL 4000, na katikati ya meza wakaweka kompresa moja ya stereo yenye VCA. Uwiano wake ulikuwa wa namna tatu tu: 2, 4 na 10. Kompresa hiyo ya meza ndiyo imekuwa kipimo. Mashine nyingi zinazouzwa leo kwa jina la kompresa ya basi ni wajukuu wake.

Familia nne

VCA ni familia ya SSL, API 2500 na dbx. Inafuata mapigo haraka na haibadilishi sana rangi ya sauti. Haili umeme mwingi na haitoi joto kubwa. Kwa rap, afrobeat na gospel yenye ngoma, ndiyo ya kwanza kufikiria.

Taa, ao vari-mu, ni familia ya Fairchild, na leo Manley Variable Mu. Inabana polepole na kwa upole, na inaongeza joto kwenye sauti. Inapendeza kwa kwaya na rumba. Lakini taa zinachoka, zinapashwa kubadilishwa, na zinakula umeme zaidi.

Daraja la dayodi ni familia ya Neve 33609. Ina rangi nzito na inasikika. Bei yake iko juu.

Za mwanga ziko polepole. Zinafaa zaidi kwa sauti ya mtu mmoja ao gitaa ya besi kuliko kwa wimbo mzima wenye ngoma.

Mashine zinazoweza kufikiriwa

Bei zilizo hapa ni za karibu, za Marekani na Ulaya, pasipo usafiri wala forodha.

Ngazi ya kwanza, karibu dola 200 mpaka 300. Hapa kuko dbx 266xs na Behringer MDX2600. Ni mashine za aina ambayo watu wa sono na makanisa wanaweka ndani ya raki zao. Ziko na njia mbili na kitufe cha kufunga. Zinaweza kufanya kazi ya basi ikiwa fundi ana mkono mwepesi na anazima kabisa ile sehemu ya kufunga mlango wa sauti, iitwayo GATE. Udhaifu wake ni vitufe vinavyozunguka pasipo hatua: kesho ni vigumu kurudi pale ulipokuwa leo.

Ngazi hiyohiyo iko na FMR RNC 1773, kisanduku kidogo cha Texas. Ni stereo tangu kuzaliwa kwake, na iko na kitufe cha Super Nice kinachobana kwa upole sana. Kwa sauti, wengi wanaiheshimu kuliko bei yake. Lakini iko na mambo mawili ya kujua. Waya zake si za balansi, kwa hiyo zinaokota mngurumo kwa urahisi zikiwa ndefu. Na adapta yake inatoa volti 9 za AC. Adapta nyingi za sokoni zinatoa DC. Ile ya kwanza ikiungua, usichomeke yoyote yenye 9 imeandikwa juu yake.

Ngazi ya pili, karibu dola 700 mpaka 900. Hapa kuko Warm Audio Bus-Comp, iliyofuata njia ya SSL. Iko na kichujio cha ndani, na kitufe cha kuingiza transfoma kwenye njia ya sauti ili kuongeza rangi. Kwa studio inayolipwa kila wiki na yenye kadi ya sauti ya kutosha, ngazi hii ndiyo inaweza kuleta faida ya kweli.

Ngazi ya tatu, kupita dola 2,000. Hapa kuko SSL yenyewe na The Bus+, API 2500, na juu zaidi Manley. Ni mashine za maisha yote, lakini kwa studio ya chumba kimoja pesa hiyo iko na kazi nyingine za kufanya mbele.

Kuko pia njia ya nne: kujijengea. Gyraf Audio ya Denmark ilitoa wazi michoro ya kompresa ya mtindo wa SSL, na watu wa dunia nzima wameijenga. Fundi wa elektroniki wa Goma anayejua kusoma mchoro na kulehemu vizuri anaweza kuifanya. Vipande vyake ni vikubwa, vinashikika kwa mkono, na vinaweza kubadilishwa. Shida ni kupata vile vipande vya VCA vya kweli, si vya kuiga.

Umeme wa Goma unachagua pamoja na wewe

Mashine inayofanya vizuri London inaweza kusumbua hapa, na sababu ya kwanza ni umeme. Mtu wa Goma anajua mwenyewe: SNEL, Virunga Energies, Socodee ao Nuru, kila mtaa na waya wake, na kila waya na siku zake.

Angalia volti kwanza. Umeme wa Kongo ni volti 220, hezi 50. Mashine iliyonunuliwa Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake. Zingine ziko na kitufe cha kubadilisha nyuma, zingine hazina. Mashine ya 120 ikichomekwa kwenye priza ya Goma, inaungua siku ya kwanza. Soma maandishi ya nyuma, ama mwombe muuzaji akutumie picha.

Kumbuka tena kwamba kumiksi kwa mashine ya nje kunafanyika kwa muda wa kweli. Wimbo wa dakika 4 unachukua dakika 4 kupita ndani ya kompresa na kurudi kwenye kompyuta. Umeme ukikatika dakika ya tatu, unaanza upya. Kompresa ya VCA kwa kawaida haili wati nyingi, kwa hiyo betri ya akiba inayobeba kompyuta inaweza kuibeba pia. Ya taa inataka zaidi.

Kama studio inatumia inverta, ile ya wimbi safi ndiyo inayofaa. Inverta za bei ndogo zinatoa wimbi lenye pembe, na transfoma ya mashine inaimba "zzz" ambayo inaingia kwenye wimbo. Jenereta nayo inapanda na kushuka. Stabilizata ni sehemu ya bei ya kompresa, si kitu cha kufikiria baadaye.

Kuko pia waya wa ardhi. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, na mwaka 2021 ilifika tena pembeni yake. Jiwe hilo halipitishi umeme vizuri, na kuingiza chuma cha ardhi ndani yake ni kazi ngumu. Nyumba nyingi ziko na priza za matundu mawili tu. Matokeo yake ni mngurumo wa chini unaosikika wakati wimbo unanyamaza. Dawa ni kuchomeka vifaa vyote vya studio kwenye priza moja yenye ardhi ya kweli, kutumia waya za balansi, na kuzifanya fupi. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa priza ili kuondoa mngurumo. Hapo mtu anaweza kupigwa na umeme.

Mwisho kuko vumbi. Wakati wa kiangazi, vumbi jeusi la barabara linaingia kila pahali, na ndani ya vitufe linaleta kelele ya "krrr". Kitambaa cha kufunika mashine kila jioni ni bei ya soko la Virunga, na kinaongeza miaka.

Kadi ya sauti: kizuizi ambacho wengi wanasahau

Ili kompresa ya nje ifanye kazi na kompyuta, sauti inapashwa kutoka kwa njia mbili, kupita ndani ya mashine, na kurudi kwa njia mbili. Na wakati huohuo fundi anataka kusikia kwa spika zake.

Kadi ndogo kama Focusrite Scarlett 2i2 iko na njia mbili za kutoka. Hizo tayari zinaenda kwa spika. Hakuna zinazobaki kwa kompresa. Kadi kama Scarlett 4i4 iko na nne za kutoka na za kuingilia za kutosha, kwa hiyo inaweza. Mwenye kadi ndogo anapashwa kuhesabu kompresa pamoja na kadi mpya.

Nguvu ya sauti nayo inapashwa kulingana. Vifaa vya studio vinatumia kipimo cha +4 dBu, vifaa vya nyumbani −10 dBV. Tofauti yake ni karibu desibeli 12. Kikikosewa, mashine inabana kabla ya wakati ama haibani kabisa, na mtu anafikiri imeharibika.

Tena, kompyuta inakumbuka kila kitu, lakini kompresa ya nje haikumbuki. Msanii akirudi baada ya mwezi na kusema "panda sauti yangu kidogo", vitufe vimekwisha kuhama. Piga picha ya mashine kwa simu kila wimbo unapomalizika, na uiweke ndani ya folda ya wimbo huo.

Hesabu ya kweli

Tuchukue mashine ya dola 700. Ongeza usafiri na forodha. Tangu matukio ya mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege na benki za Goma vilipofungwa, watu wamelazimika kupitisha mizigo na pesa kwa njia za barabara: kupitia Rubavu kwenye Grande Barrière, ao kutoka Kampala na Nairobi. Kila kituo kiko na bei yake, na mzigo ukifika umevunjika, garanti ya Ulaya iko mbali. Ongeza waya nne za balansi. Ongeza stabilizata. Ongeza kadi ya sauti kama iliyopo ni ndogo. Dola 700 zinaweza kufika 1,200 pasipo mtu kushtuka.

Kwa pesa hiyo, studio inaweza kufanya kitu kingine. Inaweza kuweka magodoro ya sufu na mapazia mazito kwenye kuta za mbao, kununua spika za kusikilizia zinazosema ukweli, na kuongeza betri. Fundi asiyesikia vizuri besi ndani ya chumba chake hawezi kujua kompresa inafanya nini. Kwa hiyo utaratibu wenye maana ni huu: chumba, spika, umeme, kadi, kisha kompresa.

Na kabla ya kutoa hata franka moja, kuko kompresa za programu. Analog Obsession inatoa BUSTERse bure, na inafuata mtindo uleule wa SSL. Programu ya Reaper iko na ReaComp ndani yake. Mtu akitumia hizo miezi mitatu, atajua mwanzo gani anapenda, kuachilia gani, na kama kichujio cha ndani kinamsaidia. Atakapoenda kununua mashine, atajua anachotafuta. Na kama atasikia hakuna tofauti, ameokoa pesa ya watoto.

Redio inabana tena

Jambo hili linahusu kila msanii anayeleta wimbo redioni. Kati ya meza ya mtangazaji na mtambo wa FM, redio kwa kawaida inaweka mashine yake ya kubana na kuzuia. Ni lazima, juu FM iko na mpaka: mawimbi hayapashwi kuyumba kupita kilohezi 75 kila upande. Mashine hiyo inachukua kila wimbo na kuuweka kwenye nguvu moja na matangazo na habari.

Wimbo uliobanwa desibeli 8 studioni unafika redioni hauna tena pumzi. Mashine ya redio inabana kile kilichobanwa. Kinachosikika kwenye kituo cha basi ao kwenye redio ya mwenye duka ni ukelele, na maneno hayaeleweki. Wimbo uliobanwa desibeli 2 unaingia na pigo lake, na mashine ya redio ndiyo inaupandisha. Ajabu ni kwamba hewani wimbo wa upole mara nyingi unasikika mkubwa kuliko ule uliopigiwa kelele.

Usisahau pia kwamba wasikilizaji wengi wanasikia kwa spika moja: redio ndogo ya mkononi, simu, bafle moja ya kinyozi. Kila miksi inayopita kwenye kompresa inapashwa kusikilizwa kwa mono kabla ya kutoka.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa

Sikio linapenda kile kilicho na sauti kubwa. Mashine ikirudisha nguvu kidogo kupita, kila mtu ndani ya chumba atasema "ii, hii ni nzuri!" Ndivyo muuzaji anavyouza, na ndivyo fundi anavyojidanganya mwenyewe.

Jaribio la haki ni hili. Chukua wimbo mmoja uliokwisha kumiksiwa. Upitishe ndani ya mashine, na sindano ishuke desibeli 2. Kisha punguza ao ongeza nguvu mpaka faili mbili, yenye kompresa na isiyo nayo, ziwe na sauti sawasawa. Badilisha majina ya faili: A na B. Mwite mtu ambaye hakuona, awe mwimbaji ao motari anayengoja nje, na umwulize ni upi anataka kusikia tena. Rudia na nyimbo tatu: moja ya ngoma nzito, moja ya gitaa, moja ya kwaya.

Kama mashine imeshinda mara tatu, iko na kazi ya kufanya kwako. Kama imeshinda kwa wimbo wa ngoma tu, unajua ni ya kazi gani. Kama watu hawaoni tofauti, rudisha mashine kwa mwenyewe na umwambie aksanti.

Ukinunua ya mitumba, ongeza mambo matano: zungusha kila kitufe na usikilize kama kinalia. Piga sauti moja ya mono na uangalie kama kushoto na kulia zinatoka sawa. Funga pande mbili na uone kama zinashuka pamoja. Iache iwake saa moja uone kama inanguruma ikipata joto. Na ufungue kifuniko, priza ikiwa imetolewa, uone kama fundi mwingine alipita mbele yako, na kama vipande vyake ni vya ukubwa ambao fundi wa hapa anaweza kubadilisha.

Kwa kifupi

Studio yenye kadi ya njia mbili na chumba kisichotengenezwa ibaki na kompresa ya programu. Studio yenye kadi ya njia nne, umeme uliotulia na wateja wa kila wiki inaweza kuanza na dbx ama RNC, kisha ipande kwenye ngazi ya dola 700 ikiona faida. Mashine za dola elfu mbili na kupita zinaweza kungoja.

Na kwa mashine yoyote, hata ya bure, sindano ikae kati ya desibeli 1 na 3, mwanzo usiwe mfupi, na wimbo usikilizwe kwa sauti sawasawa kabla ya kutolewa.